Mvinyo katika Upishi wa Nyumbani

Mvinyo, au divai, hutiwa chunguni kwa ajili ya uchachu wake, harufu yake na rangi yake, na miongoni mwa mataifa yaliyozoea kupika nao Wafaransa wa eneo la Burgundy wana sifa ya pekee, kwani kwao zabibu nyeusi za pinot noir na ng'ombe weupe wa Charolais hupatikana katika ardhi moja, na hapo ndipo lilipotoka jina la kitoweo kiitwacho bœuf bourguignon, ambacho Auguste Escoffier alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1903, naye Julia Child akakieneza katika majiko ya Marekani kuanzia mwaka 1961.

Taratibu yake yataka subira kuliko ustadi. Nyama ngumu ya bega hukaangwa vipande vichache vichache mpaka igeuke hudhurungi, kisha hunyunyiziwa unga wa ngano na kumiminiwa mvinyo mwekundu, ambao huyayusha masalio matamu yaliyogandama chini ya sufuria. Baada ya hapo huachwa juu ya moto mdogo muda wa saa mbili na nusu au tatu, hata mishipa ilainike na mchuzi uwe mzito. Vitunguu vidogo na uyoga hupikwa mbali, vikatiwa mwishoni visije vikapondeka.

Si lazima mvinyo uwe wa thamani kubwa. Hata ule wa Dodoma wa zabibu za Makutupora, maadamu hauna utamu, wafaa. Lakini ule uuzwao makusudi kwa kupikia aghalabu huwa umetiwa chumvi, na kwa kuwa mchuzi hupungua ukichemka, chumvi hiyo huzidi nguvu na kuharibu chakula. Sufuria tupu ya alumini nayo haifai, maana uchachu huila na kutia ladha ya madini.

Ama ile kauli ya wapishi wengi kwamba kileo chote hutoweka motoni kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, haina ukweli, kwani kileo kilichochanganyika na maji hakitoki peke yake. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kwamba baada ya robo saa ya kuchemka hubaki kiasi cha asilimia 40, baada ya saa moja 25, na baada ya saa mbili na nusu 5. Na chakula kinachowashwa moto mezani kwa mbwembwe hubakiwa na asilimia 75. Kwa hiyo mwenye kukaribisha wageni wanaojiepusha na kileo kwa dini au kwa maradhi na awaarifu kabla hawajanawa mikono, au apike kwa maji ya zabibu nyeusi yasiyotiwa sukari, yaliyokolezwa siki kidogo.