Mbio na Uimara: Habari ya Manowari Cobra

Topido, aliyoibuni Robert Whitehead huko Fiume katika mwaka wa 1866, iliwatia hofu wakuu wa manowari kubwa za dunia. Mashua ya thamani ndogo, ikijificha katika giza, iliweza kuizamisha manowari iliyogharimu mali ya hazina nzima. Uingereza ilijibu hatari hiyo mwaka wa 1893 kwa kushusha majini chombo kipya cha kuziwinda mashua za topido, kikaitwa destroya, maana yake kiharibu. Mwindaji hana budi kumshinda mwindwa kwa mbio. Basi tangu siku yake ya kwanza destroya ilihukumiwa kwa mwendo. Havock, ya kwanza, ilikwenda maili 26 za baharini kwa saa. Haikupita miaka mingi kabla wakuu wa manowari hawajadai maili 30.

Mbio hizo zilikuwa na bei yake. Mabamba ya chuma yalifanywa membamba, mataruma yakapunguzwa uzito, na omo ikaachwa chini na kuviringwa mfano wa gamba la kobe, hata wimbi la wastani likapanda mpaka kwa mshika usukani. Tena majaribio yalifanywa siku ya bahari shwari, chombo kikiwa chepesi, na tanuri zikilishwa makaa na wachochea moto hodari. Mwendo uliopatikana siku hiyo aghalabu haukuonekana tena.

Ndipo ilipokuja turbini ya Charles Parsons. Badala ya pistoni kupanda na kushuka kwa kishindo, mvuke ulisukuma mapezi mengi yaliyozunguka pamoja na mhimili wake. Mwaka wa 1897, katika gwaride la manowari la kuadhimisha miaka 60 ya enzi ya Malkia Victoria, mashua yake Turbinia ilipenya kati ya manowari zilizotia nanga, wala hapakuwa na chombo cha kuifikia. Destroya mbili zikatiwa mtambo huo: Viper, iliyopita maili 36 kwa saa, na Cobra, ambayo kampuni ya Armstrong iliiunda kabla ya kupata mnunuzi.

Viper ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Alderney tarehe 3 Agosti 1901, katika ukungu. Watu wote wakaokoka. Cobra haikuwa na bahati hiyo. Iliondoka mto Tyne kwenda Portsmouth kutiwa silaha, ikakutana na bahari iliyochafuka. Asubuhi ya tarehe 18 Septemba, mbali kidogo na pwani ya Lincolnshire, ilikatika vipande viwili. Watu 67 walikufa, na 23 kati yao hawakuwa askari bali mafundi wa viwandani. Walionusurika walikuwa 12 tu.

Wengi walikuwa tayari kuilaumu turbini, maana kitu kipya hakikosi mashtaka. Mahakama ya kijeshi iliona vingine. Iliamua kwamba Cobra haikugonga mwamba wala kizuizi chochote. Ilivunjika kwa udhaifu wa umbo lake, ikasikitika kwamba chombo hicho kilinunuliwa. Hukumu hiyo haikuwaridhisha watu wote, na jaribio lililofuata liliongeza mashaka. Destroya nyingine, Wolf, ilitiwa katika gudi, ikaegemezwa kwanza katikati, kisha ncha zake mbili, maji yakapunguzwa ili chuma kipindwe kama kipindwavyo na mawimbi makubwa. Wolf ilistahimili. Si kila destroya, basi, iliyokuwa kama Cobra. Walakini imani ilikwisha vunjika, na imani ya baharia haiungwi kwa hesabu za wahandisi. Hata majina yalishukiwa. Cobra na Viper yote ni majina ya nyoka. Destroya ya tatu ya turbini, iliyokwisha pewa jina la Python, ilinunuliwa ikaitwa Velox.

Matunda ya kweli yalionekana katika destroya 34 zilizoitwa kwa majina ya mito, zilizoanza kutumika tangu 1903. Zilikuwa na tani zipatazo 550, na omo iliyoinuliwa kama Wajerumani walivyokwisha fanya. Mwendo wake uliandikwa maili 25 na nusu tu, na wapo waliocheka. Lakini zilipimwa zikiwa na mzigo wa haki, na katika bahari mbaya zilidumisha mbio zake pale ambapo zile za maili 30 zililazimika kupunguza. Turbini nayo haikutupwa: moja katika hizo, Eden, iliwekewa, na mwaka wa 1906 Dreadnought, manowari kubwa kupita zote za wakati wake, ikasukumwa nayo.

Destroya hizo za mito zilikuwa zimezeeka vita vya 1914 vilipoanza, lakini ziliendelea kulinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi. Garry, mojawapo, iliigonga nyambizi ya Kijerumani UB-110 mwezi wa Julai 1918 na kuizamisha. Nahodha wake alikuwa Charles Lightoller, ofisa aliyenusurika katika Titanic. Omo ya Garry ilipondeka vibaya, nayo ikarudi bandarini.