Kioo Juu ya Kitanda
Sisi waandishi wa habari tukishahesabu majeruhi wa ajali ya basi, stori imeisha. Ya Frida Kahlo ndiyo kwanza ilianzia hapo. Septemba 17, 1925, Mexico City, tramu iligonga basi alilopanda. Chuma kikampenya nyonga, uti wa mgongo ukavunjika. Alikuwa na miaka 18, akiota kuwa daktari. Mama yake akaagiza atengenezewe ubao wa kuchorea akiwa amelala, na kioo kikafungwa juu ya kitanda. Akaanza kujichora. Jina "tiba ya sanaa" lilikuja baadaye, 1942, kwa Mwingereza Adrian Hill, mchoraji aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Rangi hazikumwondolea Frida maumivu: mwaka 1944 alijichora mgongo ukiwa nguzo iliyopasuka, machozi yakimtiririka, ila macho yanakutazama bila kukwepa. Kwangu, nafuu yake ipo hapo. Yaliyompata aliyasimulia mwenyewe, hakutusubiri sisi waandishi.