Roboti Ndani ya Kinasa Sauti: Tawi Lililosahauliwa la Ukoo wa Transformers

Mnamo Novemba 2024, Jumba la Makumbusho ya Michezo la Strong, lililoko Rochester katika jimbo la New York, liliwaingiza wanasesere wa Transformers katika orodha yake ya heshima ya vitu vya kuchezea, mwaka uleule ambao wanasesere hao walitimiza miaka arobaini tangu waingie katika maduka ya Marekani. Transformers ni roboti za plastiki na chuma ambazo viungo vyake hukunjwa na kukunjuliwa mpaka zigeuke gari, ndege au kifaa kingine, na jina linalotangulia midomoni mwa watu kila zinapotajwa ni la Optimus Prime, lile lori jekundu linalosimama na kuwa jemadari. Hata hivyo ukoo huu una matawi mawili, na tawi lenye magari ndilo lililorithi utajiri wote, ilhali tawi la pili, lenye roboti zilizojificha ndani ya kinasa sauti, kamera, hadubini na redio, limebaki mali ya wakusanyaji wachache, ingawa ndilo lililobuniwa kwa akili zaidi.

Chanzo cha tawi hilo ni bei ya mafuta. Kampuni ya Takara ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1955, ilikuwa ikitengeneza wanasesere wakubwa wa kiume wenye urefu wa karibu sentimita 30, kwa kufuata umbo la askari G.I. Joe wa kampuni ya Hasbro ya Marekani. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipozuka, plastiki, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, ilipanda bei, na mwanasesere wa kimo kile akawa mzigo kwa mtengenezaji na kwa mzazi pia. Mwaka 1974 Takara ikatoa mfululizo wa Microman, yaani wanasesere wa takribani sentimita 10, na badala ya kuuficha ufupi wao ikautungia kisa: Microman si sanamu iliyopunguzwa ya kiumbe kikubwa, bali ni kiumbe kutoka sayari nyingine ambaye kimo chake halisi ndicho hicho, anayeishi kwa siri miongoni mwa binadamu. Hila hiyo, iliyozaliwa na uhaba, ndiyo iliyofungua mlango wa yote yaliyofuata, kwa sababu kiumbe anayeenea kiganjani anaweza kujificha popote ndani ya nyumba bila kumlazimisha mtoto kujidanganya kuhusu ukubwa wake.

Hatua ya mwisho ya fikra hiyo ilikuja mwaka 1983, pale Takara ilipotoa ndani ya familia ya Microman mfululizo ulioitwa Micro Change, ambao kila roboti yake ilijigeuza kitu cha nyumbani chenye ukubwa wake wa kweli au ulioukaribia sana. Kilele cha mfululizo huo kilikuwa kinasa sauti cha kaseti ndogo, aina iliyopendwa na waandishi wa habari na makarani, nacho kilitokea miaka minne tu baada ya Sony kuuza Walkman yake ya kwanza mwaka 1979, wakati kifaa cha muziki cha mkononi kilikuwa ndoto ya kila kijana wa mjini. Roboti hiyo ndiyo iliyopewa baadaye jina la Soundwave.

Ili kuitathmini kwa haki, yafaa kuuliza maswali yanayofaa kuulizwa juu ya kitu chochote cha namna hii: je, kikiwa kifaa kinadanganya jicho, je, kikiwa roboti kinasimama kama roboti, na je, vitu vilivyomo ndani yake vina kazi katika maumbo yote mawili, au vimebandikwa tu? Kwa swali la kwanza, kinasa sauti hicho cha buluu iliyokolea kilikuwa na vitufe mahali pake na dirisha la kaseti mbele, na kikiwekwa juu ya rafu kando ya vifaa vingine mgeni hakuwa na sababu ya kukitazama mara ya pili. Kwa swali la pili, dirisha lile liligeuka kifua, pande zikafunguka kuwa mikono, na roboti ikasimama imara kwa miguu minene, jambo ambalo roboti nyingi za wakati huo, zenye magurudumu viwikoni na mabawa mgongoni, hazikuliweza. Lakini ni kwa swali la tatu kwamba Soundwave inawaacha wenzake mbali: ukibonyeza kitufe mlango wa kifua hufunguka, na kaseti iliyomo, yenye ukubwa wa kaseti ndogo ya kweli, nayo hukunjuka ikawa ndege, mnyama wa jamii ya chui au roboti mdogo, huku silaha za roboti mkubwa zikiwa zimeundwa kwa umbo la betri na kuhifadhiwa katika chumba cha betri cha mgongoni. Hakuna kipande cha roboti huyo mkubwa kilichobaki mezani baada ya kukunjwa, na hakuna kipande kisicho na maelezo. Msomaji aliyewahi kuurudisha utepe wa kaseti kwa kalamu ataelewa mara moja utamu wa kitu hiki, na mtoto wa leo atahitaji kuelezwa kwanza kaseti ni nini.

Kasoro yake kubwa ilikuwa moja, nayo ni kwamba hakikupiga muziki wala kunasa sauti. Ndugu zake wengine walivuka mpaka huo: hadubini ya mfululizo uleule, iliyojulikana baadaye kwa jina la Perceptor, ilikuza vitu kwa kiasi fulani, na redio kaseti ya Kijapani iliyokuja kuitwa Blaster ilikuwa na redio ya kweli ndani yake, ingawa Hasbro iliiondoa ilipoitoa kwa soko la Marekani. Kamera ya mfululizo huo, kwa upande wake, ilihitaji roboti watatu waungane.

Safari ya kwenda Marekani imesimuliwa mara nyingi na haihitaji maneno mengi. Henry Orenstein, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea aliyezaliwa Poland na kunusurika kambi za Wanazi, aliziona roboti za Takara na kuwashawishi wakuu wa Hasbro wazichukue, na mwaka 1984 zikaingia sokoni zikisindikizwa na kitabu cha katuni cha kampuni ya Marvel na filamu za katuni za televisheni. Kinachopaswa kuangaliwa kwa makini ni kwamba Hasbro haikuchukua mfululizo mmoja bali miwili, kwani pamoja na Micro Change ilichukua Diaclone, mfululizo wa Takara ulioanza 1980, ambao magari yake yalikuwa mifano iliyopunguzwa ya roboti kubwa zinazoendeshwa na marubani wadogo. Mantiki mbili zinazopingana zikatiwa katika sanduku moja: gari dogo lililosimama badala ya gari kubwa, na kinasa sauti kilichokuwa na ukubwa wake mwenyewe. Katika katuni, matokeo yake ni kwamba jitu linalolingana na nyumba linajikunja na kuwa kifaa cha kushikwa mkononi, na uzito wake unapokwenda hapaelezwi. Lawama hiyo haiwahusu waliobuni kinasa sauti, bali wale waliokitoa katika kisa chake bila kukipa kingine.

Katika tawi hili hakuna aliyeumia kama kiongozi wa waovu, Megatron, ambaye mkasa wake ndio unaoonyesha hatari ya kuficha roboti ndani ya kitu kinachofanana mno na kile cha kweli. Megatron alikuwa bastola. Wajapani waliichagua Walther P38, silaha ya jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa vijana wao waliifahamu kupitia mfululizo wa televisheni wa Kimarekani wa majasusi wa U.N.C.L.E. na kupitia Lupin wa Tatu, mwizi mashuhuri wa katuni za Kijapani, nao wakaipa darubini ya kulengea, kitako cha begani na kizuia sauti. Kama roboti haikuwa kazi ya kujivunia, kwa maana kifyatulio, yaani kile kidude cha kuvutwa kwa kidole, kilibaki kikining'inia katikati ya mapaja, mahali ambapo hakuna mbunifu mwenye haya angekiacha. Kama bastola, hata hivyo, ilidanganya jicho kupita kiasi. Bob Budiansky, mhariri wa Marvel aliyepewa kazi ya kuwabatiza wahusika hao kwa haraka mwishoni mwa 1983, na ambaye mahojiano yake yamekuwa chanzo kikuu cha historia ya miezi ile, amesimulia kwamba Hasbro ililikataa kwanza jina la Megatron kwa kuliona linatisha mno, naye akawajibu kwamba mwovu mkuu hana budi kutisha. Kampuni ikakubali. Ni ajabu kwamba ubishi ulikuwa juu ya jina, ilhali bastola yenyewe ilipita, ikiwa imeondolewa tu uwezo wa kurusha vidonge vya plastiki uliokuwamo katika toleo la Japani.

Upepo ulibadilika kabla ya muongo kwisha. Tarehe 19 Agosti 1987 mtu mmoja aliingia katika studio ya habari ya kituo cha KNBC huko Los Angeles na kumwelekezea bastola David Horowitz, mwandishi aliyejulikana kwa kutetea wanunuzi, akimtaka asome maelezo yake hewani. Horowitz aliyasoma kwa utulivu, wakati wakuu wa kituo walikuwa wamekwisha kukata matangazo bila mvamizi kujua, na baadaye ikabainika kwamba silaha ile ilikuwa ya bandia. Horowitz akageuka mpiganaji dhidi ya bastola za kuchezea zinazofanana na za kweli, na majimbo kadhaa, likiwamo California, yakapitisha sheria za kuzizuia. Novemba 1988 ikaja sheria ya shirikisho iliyoagiza kila bastola ya namna hiyo iwe na kizibo cha rangi kali ya chungwa kwenye mdomo wa mtutu. Megatron wa bastola alikuwa ameshatoweka madukani wakati huo, kwani filamu ya katuni ya 1986 ilimgeuza kuwa Galvatron mwenye umbo la mzinga, lakini sheria ilihakikisha kwamba hatarudi kama alivyokuwa: katika mfululizo wa pili ulioanza 1993 alirudi akiwa kifaru, na toleo la bastola la wakusanyaji lililotolewa Japani mwaka 2007 halikuuzwa na Hasbro nchini Marekani.

Kuanzia hapo historia ya tawi hili ni ya vipande. Takara iliungana na Tomy mwaka 2006, na mwaka uliofuata kampuni hiyo mpya ikatoa Soundwave aliyekuwa kichezeshi cha muziki cha kweli, akitumia kadi ya kumbukumbu badala ya kaseti. Kasoro ya 1983 ikawa imeponywa, ingawa kifua hakikuwa tena na mlango wa kutoa ndege. Filamu za sinema zenye waigizaji wa kweli, zilizoanza mwaka huohuo na kupenda magari ya fahari, zilimpeleka Soundwave angani awe setilaiti. Simu za mkononi, ambazo zimemeza kinasa sauti, kamera na redio kwa pamoja, hazina milango, vitufe wala vyumba vya betri vya kugeuzwa kifua na silaha, na roboti yoyote iliyojaribu kujificha humo imeishia kuwa bapa.

Hilo si udhuru kwa kampuni yenye wabunifu na mitaji ya Hasbro na Takara Tomy. Nyumba za leo zina vipaza sauti vya kuongea navyo, vifaa vya kupima shinikizo la damu na rimoti, vyote vikiwa na ukubwa wa mkononi ule ule ambao Microman aliuhitaji, na mtoto anavijua kuliko anavyolijua lori la Kimarekani. Mpaka atokee mbunifu wa kuvitazama kwa jicho la 1983, kinasa sauti cha Takara kitaendelea kuwa roboti bora kuliko zote zilizowahi kujificha katika kifaa cha nyumbani, na lori jekundu litaendelea kupokea tuzo peke yake.