Kidhibiti cha Volteji Kilivyoingia Katika Programu ya Saketi

Mwaka 1972, zama ambazo watu wa magharibi ya Kenya walikuwa wakichanga fedha za harambee ili kuasisi hapa Kakamega chuo kilichojulikana kwa jina la WECO, ambacho mwaka 2007 kilipata hadhi kamili kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, huko Berkeley, Marekani, mwanafunzi Laurence Nagel, akiongozwa na Profesa Donald Pederson, alikuwa akiiunda SPICE, programu ya kuzijaribia saketi ndani ya kompyuta, iliyotangazwa hadharani mwaka 1973 na kutolewa karibu bure kwa kila aliyeitaka.

Programu hiyo ilizijua rezista, kapasita, diodi na transista, bali kidhibiti cha volteji, kifaa kiishikiliacho volteji isiyumbe, haikukijua, ijapokuwa Robert Widlar alikwisha kukiunda kidhibiti LM109, cha volti 5, juu ya kipande kimoja cha silikoni mwaka 1969, na baadaye kampuni ya Fairchild ikaleta kidhibiti 7805 yenye miguu mitatu, ambayo hata leo mafundi huiagiza kwa namba yake. Kuziandika transista zake zote moja moja kungalizielemea kompyuta za wakati ule. Hata mwaka 1974 Graeme Boyle na wenziwe, Pederson akiwamo, walipobainisha, kwa kifaa kingine cha kukuza mawimbi, kwamba yatosha kuiga tabia ya kifaa kwenye miguu yake pasina kunakili kila kilichomo ndani, njia ikapatikana.

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme hapa Kakamega atakaye kuiongeza 7805 huandika faili ya maandishi matupu: mstari wa kwanza huanza kwa nukta na neno SUBCKT, kisha jina la kifaa na miguu yake kwa mpangilio, na wa mwisho ni nukta na ENDS. Ole wake akibadilisha mguu wa kuingilia kwa wa kutokea, maana programu haimkanyi, humpa jibu batili. Wala asiridhike na faili isemayo volti 5 siku zote, kwani 7805 ya kweli huhitaji takriban volti 7 za kuingilia, na katika mji huu wa radi, ambamo stima hupanda na kushuka, faili kama hiyo ni hadaa tupu: na aishushe volteji ya kuingilia kutoka 9 hadi 6, na ile ya kutokea isipopungua, aitupe.

Tangu mwaka 1999, LTspice, programu ya ukoo wa SPICE iliyoundwa na Mike Engelhardt na itolewayo bila malipo, imeifanya kazi hii nyepesi. Lakini baadhi ya watengenezaji sasa huyafumba maandishi ya vidhibiti vyao yasisomeke, na jambo hilo nalichukia, kwa kuwa mwanafunzi hupewa jibu pasina kuiona hesabu iliyolizaa, ilhali SPICE yenyewe ilitoka Berkeley maandishi yake yote yakiwa wazi.