Mpunga wa Kasongo na tusi la ukoo

Wasomi wenzangu, wali wa Kasongo una historia. Tippu Tip alipoweka makao pale karibu mwaka 1875, mpunga ulilimwa na watumwa, wakiwemo wanawake waliotekwa vijijini. Askari wa Léopold waliingia Kasongo 1893, Kabambare 1894. Soko la watumwa likafa, ila tusi "mtoto wa mtumwa" likabaki. Nimelisikia mwenyewe Kabambare, msichana akiposwa.

Wadalit wa India, wanaoitwa najisi tangu kuzaliwa, wanajua hayo: katiba ya 1950 ilikataza kuwatenga, lakini dharau haijaisha. Savitribai Phule alianza mapema, akifundisha wasichana Pune tangu 1848, baadaye hata wa tabaka la chini.

Na sisi tulipe masomo ya binti bila kuuliza ukoo wake.