Nyakati Ngumu katika Tiba ya Kikundi na Namna Wataalamu Wanavyozikabili

Tiba ya kikundi ni huduma ya afya ya akili inayowakutanisha watu wachache wenye tatizo linalofanana, kwa kawaida mara moja kwa wiki, chini ya mtaalamu au mhudumu aliyepewa mafunzo. Afrika Mashariki ina historia katika huduma hii. Mwaka 2002, utafiti uliofanyika katika vijiji 30 nchini Uganda ulionesha kuwa vikao vya dakika 90 kwa wiki 16 vilipunguza kwa kiwango kikubwa dalili za sonona. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa tiba ya aina hiyo.

Hata hivyo, penye watu wengi hapakosi mivutano. Mtaalamu mahiri haichukulii mivutano hiyo kuwa kikwazo cha tiba, kwa kuwa namna mtu anavyonyamaza, anavyotawala mazungumzo au anavyogombana kikundini mara nyingi hufanana na anavyoishi na watu nyumbani na kazini.

Kikundi kinaponyamaza, mtaalamu hakimbilii kuhutubia. Huwapa wanakikundi muda, kisha hueleza anachokiona na kuuliza kila mmoja anafikiri nini. Ukimya unaweza kuwa wa hofu, wa hasira au wa huzuni, na kila mmoja huhitaji jibu lake.

Mmoja anapotawala mazungumzo, mtaalamu hamkatizi kwa kumwaibisha. Humshukuru, hutaja jambo moja katika maelezo yake, kisha huuliza nani mwingine amepitia hali kama hiyo.

Ugomvi unapozuka, matusi husitishwa mara moja kwa kurejea kanuni zilizokubaliwa katika kikao cha kwanza. Baada ya hapo, kila upande hueleza kilichouumiza bila kumhukumu mwenzake. Wanaopatana mbele ya kikundi huondoka na ujuzi wa kuutumia katika familia zao.

Siri ya mwanakikundi inapovuja, suala hilo hujadiliwa waziwazi, kwani imani ikipotea hakuna atakayesema tena la moyoni.

Lipo jambo moja ambalo mtaalamu haliachi mikononi mwa kikundi: kauli ya mtu kutaka kujiua. Hapo humuuliza mhusika moja kwa moja kuhusu nia hiyo, hamwachi peke yake, na huhakikisha anafikishwa kwenye huduma ya dharura. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo; humpa nafasi ya kusema na kusaidiwa. Kwa sababu hiyo, wanakikundi huelezwa tangu mwanzo kuwa usiri una mpaka pale uhai unapokuwa hatarini.

Mtaalamu naye huhitaji msimamizi wa kujadiliana naye vikao vilivyomlemea. Kwa upande wake, mwananchi anayejiunga na kikundi ana haki ya kuuliza nani anakiongoza, amepata mafunzo gani, na kanuni za usiri ni zipi. Kikao kimoja kigumu kisimfanye aache tiba. Amweleze kiongozi wake kilichomsumbua.