Reli ya mkonge na mdomo wa kamera

Anayetaka kujua kwa nini lenzi ya kamera hii haikai kwenye kamera ile si lazima aanzie dukani. Aanzie Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Kwashemshi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, ikiwa na upana wa mita moja. Ndani ya mashamba, wenye mkonge walitandika reli zao ndogo, nyingi za sentimita 60, za kuvutia majani kutoka shambani hadi korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge. Behewa la reli kubwa halikuweza kuingia shambani, na toroli la shamba halikuweza kwenda Tanga. Kilichosafiri ni mzigo. Singa zikishaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota, watu walizishusha kwenye reli hii na kuzipakia kwenye ile. Thamani ilikuwa kwenye robota, na tofauti ya vipimo ilikuwa kazi ya mabega ya watu. Historia ya kamera za milimita 35 imekwenda njia hiyohiyo, isipokuwa kwamba wanunuzi wengi wamefundishwa kuthamini behewa kuliko mzigo. Lenzi ndiyo mzigo. Bodi ya kamera huchakaa na kupitwa na wakati ndani ya miaka michache, lakini lenzi njema hukaa miaka 50. Kwa hiyo mpiga picha wa Kwashemshi anayepima leo kati ya Sony, Nikon na Canon angefanya vyema kuuliza kwanza, kabla ya kuuliza jina la kampuni, mdomo wa kamera hiyo, pale lenzi inapofungwa, una kina gani.

Kipimo cha milimita 35 kilizaliwa kwa ubahili wa filamu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alitengeneza kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema. Sinema ilichukua fremu ya milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu na kuunganisha fremu mbili, akapata 24 kwa 36. Leica iliingia sokoni mwaka 1925, na eneo hilo la 24 kwa 36 ndilo wapiga picha wa leo wanaloliita fulufremu. Katika miaka ya 1930 Leica ilikuwa na mdomo wa hesi ya milimita 39, na mara viwanda vya Umoja wa Kisovieti na vya Japani vikaanza kutengeneza lenzi za hesi hiyohiyo. Mwaka 1949 ukaingia mdomo mwingine wa hesi, wa milimita 42, kutoka Ujerumani Mashariki. Huo ulisambaa sana. Praktica za Dresden ziliutumia, Pentax za Japani zikautumia, na Zenit za Krasnogorsk karibu na Moscow zikauchukua pia.

Inafaa kukaa kidogo kwenye Zenit, kwa sababu kamera za namna hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni, zikauzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Zanzibar ilipoitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na vijana wa Tanganyika na visiwani walipokwenda kusoma Moscow, Leipzig na kwingineko katika kambi ya ujamaa, njia za bidhaa hizo kufika kwetu zilikuwa wazi. Zenit-E nyingi ziliuzwa na lenzi iitwayo Helios-44, ya milimita 58, ambayo mchoro wake unatokana na Biotar ya kiwanda cha Zeiss cha Jena iliyobuniwa miaka ya 1930. Ukiishika leo utaona ni kipande cha alumini kizito kwa umbo lake, chenye pete za kugeuza kwa vidole, kisicho na waya, mota wala pini ya umeme. Ikikauka grisi, fundi mwenye mkono mtulivu na bisibisi ndogo anaweza kuifungua. Lenzi ya kisasa yenye mota na saketi ndani haimpi fundi wa mji mdogo nafasi hiyo.

Lakini hesi kulingana hakutoshi. Lazima pia lenzi ikae umbali uleule kutoka kwenye filamu au kihisi ambao mtengenezaji aliukusudia, na hapo ndipo kampuni ziliachana. Umbali huo ndio ninaouita kina cha mdomo. Kwa hesi ya milimita 42, kina ni milimita 45.46. Nikon F, mdomo ulioanza mwaka 1959, una 46.5. Tofauti ni milimita moja na chembe, unene wa kadi nene ya mwaliko wa harusi, na kwa macho mtu ataidharau. Tufanye hesabu. Ukiiweka Helios ya milimita 58 kwenye Nikon F, hata adapta yako iwe nyembamba kama hewa, lenzi imeshasogezwa mbele kwa milimita 1.04, na mwisho wa kuona kwake vizuri unakuwa karibu mita 3.3. Mtu aliyesimama hatua tatu mbele yako atatoka safi. Aliyesimama mlangoni nyuma yake hatatoka safi, wala milima ya Usambara haitatoka safi kamwe. Mdomo ukiwa na kina kidogo kuliko lenzi inavyohitaji, nafasi inayobaki hujazwa na pete ya chuma na kazi imekwisha. Ukiwa na kina kikubwa zaidi, hakuna pete duniani inayoweza kupunguza.

Ndiyo maana uaminifu kwa jina la kampuni haujawahi kuwa kinga. Mwaka 1987 Canon iliacha mdomo wake wa FD, wenye kina cha milimita 42, ikaleta EF wenye milimita 44. Waliokuwa wamejaza kabati kwa lenzi za Canon wakajikuta hawawezi kuzitumia ipasavyo kwenye Canon mpya, ilhali lenzi ya Zenit iliingia humo bila shida, kwa pete ya milimita 1.46. Mgeni alipokewa na mwenyeji akafungiwa nje. Canon ilikuwa na sababu nzuri, maana EF ulikuwa mdomo mpana unaoongozwa kwa umeme mtupu, na fokasi yake ikawa ya haraka sana. Sababu nzuri ya kiwanda, hata hivyo, haikumrudishia mteja fedha zake. Nikon ilijivunia kuulinda mdomo wa F kwa takriban miaka 60, na sifa hiyo inaistahili kwa sehemu kubwa, ingawa hata humo kuna lenzi za kabla ya 1977 ambazo pete zake za tundu la mwanga zinaweza kuharibu bodi nyingi za baadaye.

Kamera za dijitali zilipofika, tatizo lilihama kutoka kwenye kina kwenda kwenye ukubwa wa kihisi. Vihisi vya kwanza vilivyoshikika kwa bei vilikuwa vidogo, takriban milimita 24 kwa 16, na watu wengi wakaambiwa haina shida. Shida ipo, na inaonekana kwenye chumba cha studio. Kumpiga mtu mzima aliyesimama, na kuacha nafasi kidogo juu na chini ili fremu ichukue mita mbili, Helios ya 58 kwenye fulufremu inataka umbali wa mita 3.3. Kwenye kihisi kidogo inataka karibu mita 5. Studio nyingi za miji midogo ni chumba kimoja cha duka chenye mita nne, pazia upande mmoja na mlango upande wa pili. Kwa kihisi kidogo mpiga picha anajikuta barabarani, akiwapisha bodaboda huku mteja amesimama ndani. Kwa hiyo fulufremu kwa mwenye lenzi za zamani si suala la fahari. Ni sharti la lenzi hizo kuona kama zilivyokusudiwa kuona. Canon ilitoa 1Ds yake ya fulufremu mwaka 2002 na 5D mwaka 2005, lakini kioo cha kupeleka picha kwenye kitazamio, kilichokuwa ndani yake, kiliendelea kudai mdomo wenye kina kirefu.

Kilichovunja ukuta ni kuondolewa kwa kioo hicho. Sony ilitangaza A7 Oktoba 2013, fulufremu yenye mdomo wa kina cha milimita 18 tu. Mwaka 2018 zikafuata Nikon Z kwa milimita 16 na Canon RF kwa milimita 20, na mwaka huohuo Leica, Panasonic na Sigma wakaungana kwenye mdomo wa L, nao wa milimita 20. Kwa mara ya kwanza tangu Barnack, karibu lenzi yoyote iliyowahi kutengenezwa kwa fremu ya 24 kwa 36 inaweza kukaa mbele ya kihisi cha ukubwa wake na kuona mpaka upeo wa macho. Pete ya kuipeleka Helios kwenye Sony ina unene wa milimita 27.46. Haina kioo cha lenzi ndani yake, haina umeme, na kwa sababu hiyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na lenzi mpya.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito. Harusi haingoji. Bibi harusi anaingia ukumbini akicheza, taa zinabadilika, na anayegeuza fokasi kwa vidole atakosa picha ambayo haitarudiwa. Ni kweli, na asiyekubali hilo hajaifikiria kazi hiyo kwa makini. Jibu langu ni kwamba hoja hii inadai lenzi moja ya kisasa yenye fokasi ya kujiendesha, haidai kabati zima la lenzi mpya. Maingilio na keki vipigwe kwa hiyo moja. Picha za maharusi wakiwa wametulia, za wazee kwenye viti, za studio na za vitambulisho zinampa mtu sekunde kumi, na kamera zisizo na kioo humsaidia kwa kukuza picha ndani ya kitazamio au kuwasha rangi kwenye kingo zilizoingia fokasi. Kwa video hoja hii inapungua nguvu zaidi, kwani wapiga sinema wamegeuza fokasi kwa mkono tangu sinema ianze.

Wengine husema vihisi vya leo vinafichua ubovu wa vioo vya jana. Pembeni mwa fremu ndivyo ilivyo. Ukoo wa watu 40 uliopangwa mistari mitatu, ukipigwa kwa Helios iliyofunguliwa tundu lote, utawaacha wa kandoni wakiwa wamefifia, na jua likiwa mbele weusi wote utageuka kijivu. Ukifunga tundu hadi 8, hali inatengemaa sana. Ninaogopa zaidi adapta mbovu. Pete iliyolegea huifanya lenzi itikisike na upande mmoja wa picha ufifie, na pete iliyopakwa rangi inayong'aa ndani hurudisha mwanga na kuua uzito wa picha. Zote mbili hugundulika dukani, moja kwa kutikisa na nyingine kwa kuitazama dhidi ya dirisha. Na kwa wanaosema simu inatosha, jibu ni kwamba anayelipa mpiga picha anataka kile ambacho simu yake haikumpa, na lenzi ndiyo inayotoa tofauti hiyo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Mwenye lenzi za Canon EF zinazofanya kazi hana sababu ya kuhama. Pete ya Canon ya milimita 24 inazipeleka kwenye RF na fokasi yake yote. Mwenye lenzi za Nikon zenye mota ndani atahamia Z kwa urahisi, ila zile za zamani zinazozungushwa na mota ya bodi zitakuwa za kugeuza kwa mkono, kwa sababu adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina mota. Mwenye mchanganyiko wa hesi za 42, Minolta na Canon FD ningempeleka Sony. Nikon Z ndiyo yenye mdomo mfupi kuliko zote, na kwa kipimo tu ingeshinda, hata lenzi za Sony zinaingia kwake kwa pete ya milimita mbili. Lakini Sony ilifungua vipimo vya mdomo wake kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, na leo ina lenzi nyingi za bei ya kati na bodi za mkono wa pili za zaidi ya miaka kumi, zikiwemo A7 II za mwaka 2014 zinazotuliza mtikisiko kwa lenzi yoyote ile. Canon ilikwenda upande mwingine. Mwaka 2022 iliitaka kampuni ya lenzi ya Viltrox iache kuuza lenzi za fokasi ya kujiendesha za RF, na mwaka 2024 Sigma na Tamron walipopewa leseni, lenzi walizoanza nazo zilikuwa za vihisi vidogo. Anayenunua mdomo huo ajue kwamba kwa lenzi mpya za fulufremu atategemea zaidi kiwanda kimoja. Hesi ya mwaka 1949 haimlazimu mtu kuomba ruhusa.

Kabla ya fedha kutoka, lenzi iliyolala kabatini itolewe ikaguliwe. Hewa ya unyevu ya chini ya Usambara hulea kuvu kwenye kioo, na kuvu ikikaa muda mrefu hula rangi ya juu ya kioo isirudi. Washa tochi nyuma ya lenzi, fungua tundu lote, tazama kwa mbele kama kuna nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui. Geuza pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho usikilize kama inakwaruza. Zungusha pete ya tundu uone kama majani yake ni makavu na yanarudi bila kunata. Ikivuka hapo, kilichobaki kununuliwa ni bodi moja na pete ya milimita 27.46.